Mpira Ulipokoma: Jinsi Watu wa Kasenyi na Bwera Walivyopitisha Saa Zao

Muhula uliopita kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza swali. Tulikuwa tumejibanza barazani, tukingoja mvua ipungue ili mchezo wa madarasa uendelee. Akasema, "Mwalimu, nimesikia kwamba mwaka ule wa korona mpira ulikoma dunia nzima. Basi watu walikuwa wakifanya nini siku ya Jumamosi?" Wenzake wakacheka, lakini mimi sikucheka, maana niliona sina jibu la mara moja. Nikamwahidi kwamba nitamjibu katika gazeti la shule. Wanafunzi wetu wa zamani waliokuwapo siku zile watanisahihisha nikikosea.

Kwanza nitaje mahali penyewe, kwa sababu Kasenyi ni jina la mahali pengi. Kuna Kasenyi iliyo karibu na Entebbe, na kuna nyingine ya Kongo, kando ya ziwa Albert. Yetu ni ile ya wavuvi, ukingoni mwa ziwa George katika wilaya ya Kasese, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mimi nimezaliwa hapo. Baba alikuwa mvuvi, na mama ni mtu wa Bwera, kule milimani karibu na mpaka wa Kongo. Kwa hiyo nimekua na miguu miwili, mmoja majini na mmoja shambani. Ziwa lenyewe si la kina, wastani wake haufiki hata mita tatu, nalo lina viboko wengi. Upande wa pili wa kijiji ni mbuga yenye makundi ya swala, na simba wanaowafuata. Kwa kuwa kijiji kimo ndani ya hifadhi, watu hawaruhusiwi kulima. Neno hili la kulima naomba mlikumbuke, nitalirudia.

Sasa Jumamosi ya Kasenyi kabla ya ugonjwa. Asubuhi nyavu hutolewa majini, samaki huuzwa, vijana huoga na kulala kidogo. Saa tisa hivi wanaanza kukusanyika kwenye kibanda cha video. Kibanda ni nyumba ya mabati na mbao, giza ndani, mabenchi marefu, televisheni moja au mbili, na dishi juu ya paa. Mlangoni hukaa mtu wa kukusanya shilingi mia tano, au elfu moja kama mchezo ni mkubwa. Nje hubandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, nani atacheza na nani, na saa ngapi. Mtu ambaye hajafika London hata siku moja atakueleza habari za magoti ya mchezaji wa Arsenal kana kwamba ni goti la mjomba wake. Huko Bwera ni vivyo hivyo, ila wao walikuwa na jambo jingine zaidi: mara kwa mara vijana wa Kasindi walivuka mto Lhubiriha kuja kucheza na vijana wetu, au wetu walikwenda kwao, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya refa.

Ikaja Machi 2020. Siku ya Ijumaa tarehe 13, ligi kuu ya Uingereza ilisimamishwa. Tarehe 18 Rais Museveni alitangaza kwamba shule zote zitafungwa tarehe 20, na mikutano ya watu wengi ikapigwa marufuku. Ligi yetu ya Uganda nayo ikasimama. Tarehe 21 mgonjwa wa kwanza wa korona akapatikana nchini. Tarehe 24 ikatangazwa kwamba Michezo ya Olimpiki iliyokuwa ifanyike Tokyo imeahirishwa kwa mwaka mzima. Kisha magari ya abiria yakazuiwa, na mwisho wa mwezi ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Kwa muda wa wiki tatu hivi karatasi ya mlangoni pa kibanda ikawa haina la kusema. Mwenye kibanda hakuibandua. Ilikaa pale mpaka jua likaifanya nyeupe, na majina ya timu yakafutika.

Watu wa Bwera, niseme haki, hawakushtuka sana kwa ndoo za kunawia mikono. Ebola ilikuwa ng'ambo ya mpaka tangu 2018, na mwezi wa Juni 2019 ilivuka ikafika katika hospitali yao. Walikwisha kuzoea kusalimiana kwa kiwiko. Lakini Ebola haikuwanyima mpira. Korona iliwanyima.

Kukoma kwa michezo ya kutazamwa si jambo jipya duniani. Septemba 1939, vita ilipoanza, ligi ya Uingereza ilivunjwa baada ya kila timu kucheza mara tatu tu au pungufu, na Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika kabisa. Tofauti ni kwamba siku hizo mtu wa Kasenyi hakuwa na habari. Mwaka 2020 alikuwa na habari, tena alikuwa na dishi.

Jambo la kwanza lililojaribiwa ni marudio. Vituo vya televisheni vilianza kuonyesha michezo ya zamani: fainali za miaka ya nyuma, magoli ya watu waliokwisha kustaafu. Vibanda vilikuwa vimefungwa, lakini mwenye televisheni nyumbani aliwasha, na majirani wawili watatu wakaketi. Siku ya kwanza walifurahi. Siku ya pili walianza kuzungumza wakati mchezo ukiendelea. Siku ya tatu mmoja alisema, "Huyu atakosa penalti," na akakosa, maana wote walijua kwamba alikosa; wakaondoka kwenda kutazama mitumbwi. Niliwauliza kwa nini, maana mchezo ni uleule na wachezaji ni walewale. Mzee mmoja akanijibu kwamba hakuna mtu anayeogopa simba aliyekwisha kufa.

Nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa jambo hili lote. Watu walidhani wamepoteza mpira. Kumbe walichopoteza ni vitu viwili vilivyokuwa ndani yake. Cha kwanza ni saa ya kukutana, saa inayojulikana na kila mtu, ambayo hakuna haja ya kumwalika mwenzako. Cha pili ni jambo ambalo mwisho wake haujulikani, ili watu wapate kubishana kabla, wapige kelele katikati, na kutaniana baadaye. Marudio yana mpira, lakini hayana kimoja katika hivi viwili. Ukitazama yale yote yaliyoshika mizizi miezi ile, utaona kwamba yalikuwa na kimojawapo au vyote.

Ludo ilikuwa na vyote. Wengi wenu mnaijua: ubao wa mraba wenye rangi nne, kete nne kwa kila mchezaji, na dadu. Asili yake ni mchezo wa Kihindi uitwao pachisi, nao Waingereza wakausahilisha na kuuandikisha kwa jina la Ludo mwaka 1896. Siku hizi ubao wa ludo hutengenezwa na maseremala wetu, nao hupenda kubandika chini ya kioo chake picha za wachezaji wa mpira. Kwa hiyo vijana wa Kasenyi waliendelea kuzitazama nyuso za wachezaji wao, ila sasa dadu ilikuwa inapita juu yake. Ludo haihitaji umeme. Haihitaji kulipa mlangoni. Yaweza kuchezwa na watu wanne na kutazamwa na kumi na wanne, na hao kumi na wanne ndio wenye kelele. Aliyekuwa wa mwisho anaweza kupata sita mbili mfululizo na kuwarudisha wenzake nyumbani. Hapo hata mtu mnyonge hupata siku yake. Baada ya mwezi mmoja tayari kulikuwa na ligi. Timu zilikuwa za watu wawili wawili, na bila shaka zilijiita Manchester na Barcelona. Karata nazo zilikuwapo, hasa ule mchezo uitwao matatu, lakini karata ni mchezo wa kunong'ona, na watu walikuwa na hamu ya kupiga kelele.

Taabu ya ludo ni kwamba iliwakusanya watu, na kukusanyika ndiko kulikokatazwa. Askari walipopita, ubao ulifichwa chini ya wavu au chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Mara moja kete za rangi ya kijani zilipotea mchangani kwa sababu ya kukimbia, na tangu siku hiyo kijani wakatumia vizibo vya soda. Sisemi walifanya vizuri. Nasema walivyofanya.

Mchezo wa pili ni omweso, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimegundua kwamba wengi katika ninyi mmeuona lakini hamjui kuucheza. Mimi mwenyewe sikuujua mpaka miezi ile. Nilikuwa nimerudi kijijini shule ilipofungwa, na jirani yetu, mzee wa miaka sabini na zaidi, hakuwa na mtu wa kucheza naye kwa kuwa rafiki yake alikuwa ng'ambo ya mfereji wa Kazinga, na njia zilifungwa.

Ubao una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, nawe huna ruhusa ya kupanda kete zako ng'ambo. Kete zote ni 64, kila mtu 32. Zamani ni mbegu za mti, lakini hata kokoto zafaa. Kabla ya kuanza, kila mmoja hupanga kete zake apendavyo, na wajuzi husema kwamba nusu ya mchezo iko hapo. Kisha unachukua kete zote za shimo moja, lenye kete mbili au zaidi, unazipanda mojamoja kwa kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu yako imekwisha. Ikianguka katika shimo lenye kete, unaziinua zote na kuendelea. Lakini ikiwa shimo hilo ni la safu yako ya ndani, na mashimo mawili ya adui yaliyo mkabala nalo yote yana kete, basi unazikamata kete hizo za adui, unarudi pale ulipoanzia mzunguko ule, na kuzipanda upande wako. Asiye na shimo lenye kete mbili ameshindwa. Wenzetu wa pwani wana bao lao, nalo lina mashimo 32 na kete 64 vilevile, ila wao huanza kwa kuingiza kete mojamoja ubaoni, na wana shimo moja la heshima liitwalo nyumba.

Hakuna dadu katika omweso. Ukishindwa umeshindwa na akili ya mwenzako, na jambo hilo ni chungu. Mzee yule alinishinda kila siku kwa wiki tano. Wiki ya sita nikashinda mara moja, naye akatazama ubao kwa muda mrefu, halafu akasema kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa linamwasha. Vijana waliokuwa wakicheza ludo walianza kuja kutazama, kwanza kwa kucheka, baadaye kwa kuhesabu. Mmoja alikuwa hodari wa hesabu kuliko alivyopata kuonyesha darasani. Aliweza kuona mizunguko mitatu mbele. Nilifikiri sana juu ya kijana huyo na juu ya ufundishaji wangu.

Wakati wengine wakicheza, wengine walikuwa wakipoteza. Kamari ya mpira ilikuwa imeingia kwetu miaka mingi kabla ya ugonjwa. Nyumba zake zilifungwa, lakini simu hazikufungwa. Katika Ulaya nchi moja tu iliendelea na ligi yake kuu kama kawaida, nayo ni Belarus. Binamu yangu, ambaye hakuwa amesikia jina hilo tangu azaliwe, alianza kunieleza habari za BATE Borisov na Dynamo Brest. Nikamletea atlasi ya shule, nikamwambia anionyeshe nchi yenyewe. Akaweka kidole Bulgaria. Burundi nayo iliendelea na mpira kwa majuma kadhaa, na walau huko alipajua. Halafu ikaja ile michezo isiyokuwapo kabisa, inayochezwa na kompyuta peke yake, timu bila wachezaji, dakika tatu na mchezo umekwisha. Mtu aliyekuwa akipoteza fedha mara moja kwa juma aliweza kuzipoteza mara ishirini kwa saa. Binamu yangu aliuza baiskeli. Hapa saa ya kukutana haikuwapo. Kilichobaki ni lile la pili tu, mwisho usiojulikana, nalo likiwa peke yake ni baya.

Sasa nirudie neno la kulima. Huko Bwera, mpira ulipokoma, jembe lilikuwapo. Mvua za mwezi wa Machi zilikuwa zimeanza. Vijana ambao hawakuwa wamegusa ardhi tangu shule ya msingi walipanda maharage na mihogo, wakapalilia kahawa, wakajenga upya matuta mlimani. Mjomba wangu alisema hajapata kuwa na vibarua wengi hivyo bila malipo. Wakachoka, wakalala mapema. Amri ya kutotoka nje haikuwaudhi sana. Lakini kijana wa Kasenyi hana ardhi ya kulima. Ana ziwa mbele na hifadhi nyuma. Watalii waliokuwa wakija kutazama simba na ziwa dogo la chumvi hawakuwapo, hata kazi ndogondogo za kuwaongoza zikakoma. Basi njia zilikuwa mbili. Wengine waliingia porini kutega mitego. Idara ya wanyamapori ilihesabu visa 367 vya uwindaji haramu nchini kati ya Februari na Mei 2020, na miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia vilikuwa 163. Wengine walikwenda majini.

Golikipa wetu alikwenda majini. Sitamtaja jina, lakini waliokuwa kidato cha tatu mwaka ule wanamjua: mrefu, mikono mipana, mpole sana nje ya uwanja. Shule ilipofungwa alirudi Kasenyi, na mjomba wake akamwomba amsaidie kuvuta nyavu. Alikuwa na nguvu, na wakati ulikuwa mwingi. Mwezi wa kwanza alipata fedha kidogo, akamnunulia mama yake sukari na mafuta. Mwezi wa nne akanunua simu. Vitabu alikuwa navyo. Masomo yalitangazwa redioni, na mengine yalichapwa magazetini. Nilimpelekea gazeti moja. Nilipopita siku nyingine niliona ngege wamefungwa ndani yake, kurasa za jiografia. Sikukasirika. Gazeti lilikuwa limechelewa siku tisa, na samaki hawangoji.

Mtu akiniuliza kuhusu akina mama na dada zetu, nitasema kwa ufupi kwamba swali la kujaza wakati halikuwahusu. Wanaume walibaki nyumbani, kwa hiyo maji ya kuteka yaliongezeka na sufuria zikawa kubwa zaidi. Sikumwona mwanamke hata mmoja aliyelalamika kwamba siku ni ndefu. Kwa wasichana wa shule hasara ilikuwa nzito kuliko ya ndugu zao. Wengi walipata mimba, na shule zilipofunguliwa ilibidi serikali itoe mwongozo ili waruhusiwe kurudi darasani.

Mwezi wa Mei hakuna aliyezungumza habari ya mpira. Mito yetu ya milima ya Rwenzori ilifurika. Nyamwamba ulibomoa nyumba na kuvunja njia, na hospitali ya Kilembe ikaingiliwa na maji na mawe hata wagonjwa wakahamishwa. Maelfu ya watu walilala katika shule ambazo zilikuwa tupu kwa sababu ya ugonjwa. Vijana wa Kasese waliokuwa hawana la kufanya walipata la kufanya, kubeba magodoro na wazee. Mwezi huohuo, tarehe 16, ligi ya Ujerumani ilirudi katika viwanja visivyo na watazamaji, na Borussia Dortmund ikaifunga Schalke magoli manne kwa sifuri. Nilipata habari siku mbili baadaye.

Juni 17 Waingereza nao wakarudi. Lakini kurudi kwa mpira wa Ulaya hakukuwa kurudi kwa Jumamosi yetu, maana vibanda vilikuwa bado vimefungwa, na usiku hakuna ruhusa ya kutoka. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Kulikuwa na fundi mmoja wa kushona nyavu, mtu mzima, mshabiki wa Liverpool tangu zama za redio. Mara ya mwisho Liverpool kutwaa ubingwa wa ligi ilikuwa 1990. Kwa miaka 30 alitaniwa kila msimu, naye alivumilia. Usiku wa tarehe 25 Juni, Chelsea ilicheza na Manchester City. City ikishindwa, Liverpool ni bingwa bila hata kucheza. Mchezo ulianza saa nne na robo usiku kwa saa zetu. Alikuwa peke yake chumbani na redio yake, mke na watoto wamelala. Saa sita ikapita kidogo, Chelsea 2, City 1.

Akatoka nje akalipiga karai. Kwetu karai hupigwa usiku kwa sababu moja tu, kwamba kiboko ameingia kijijini. Milango ikafunguka, watu wakatoka na kurunzi na marungu, watoto wakalia, mbwa wakabweka. "Yuko wapi? Yuko wapi?" Naye amesimama katikati ya njia na karai lake, machozi yanamtoka, akisema, "Sisi ni mabingwa." Wengine walitaka kumpiga. Wengine, hata mashabiki wa Manchester United, walimshika mkono wakasahau kabisa habari ya kiwiko. Kwa muda wa dakika kumi hivi kibanda kilikuwa kimefunguliwa pale njiani, bila televisheni. Halafu tukamwona mlinzi anakuja kwa mbali na tochi yake, kila mtu akarudi kwake.

Wapo pia waliojaza wakati kwa kucheza wenyewe badala ya kutazama. Aprili 2020, baada ya kukataza watu kukimbia barabarani, Rais alijionyesha akikimbia ndani ya ofisi yake, miguu mitupu, kisha akapiga mikono chini mara 30. Watoto wa Kasenyi walimwiga kwa siku nyingi, tena kwa kuhesabu kwa sauti. Na huko Kapchorwa, upande wa pili wa nchi, Joshua Cheptegei aliendelea na mazoezi ya nyumbani wakati mashindano yote yamefutwa. Tarehe 14 Agosti alikimbia mita 5,000 huko Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35.36, akaivunja rekodi ya Kenenisa Bekele iliyokaa miaka 16. Oktoba akaivunja na ile ya mita 10,000. Nasikia watu wakisema kwamba miezi ile ilikuwa bure kwa kila mtu. Kwake haikuwa bure.

Shule zilifunguliwa nusunusu kuanzia Oktoba 2020 kwa madarasa ya mitihani, zikafungwa tena Juni 2021, na madarasa yote yakarudi tarehe 10 Januari 2022. Shirika la UNESCO lilihesabu majuma 83 ya kufungwa kabisa au kwa sehemu, na hakuna nchi nyingine iliyofunga kwa muda mrefu hivyo. Wanafunzi wapatao milioni 15 walihusika. Nilisimama langoni asubuhi ile na daftari langu la timu ya 2020. Wengi wa wachezaji walikuwa wamekwisha pita umri wa viatu vyao. Wale wa Bwera walirudi karibu wote, mikono imekuwa migumu kwa jembe. Kijana wa omweso alirudi, na leo yuko chuo, anasomea hesabu. Wa Kasenyi walirudi wachache. Golikipa hakurudi. Nilimfuata ziwani juma la pili, nikamkuta anatengeneza mtumbwi ambao nusu yake ilikuwa mali yake. Alikuwa na mke na mtoto. Alinikaribisha vizuri sana, akanipa samaki wawili, akasema, "Mwalimu, mimi nilisema nakwenda wiki mbili tu."

Vibanda navyo vilifunguliwa mwaka huohuo. Yule mwenye kibanda chetu alibandika karatasi mpya mahali pa ile nyeupe. Benchi la ludo hakuliondoa. Liko mlangoni mpaka leo, na wapo watu wanaolipa kuingia kisha wakatoka wakati wa mapumziko ili wamalize mchezo wao wa dadu, wakachelewa kurudi kipindi cha pili. Mzee wa omweso alifariki 2023. Ubao wake ninao mimi, na anayetaka kujifunza aje nyumbani kwangu Jumapili baada ya saa tisa.

Golikipa bado anadaka, katika timu ya wavuvi. Mwezi uliopita walikuja kucheza na timu yetu ya shule, akazuia penalti mbili, na wale wa kidato cha kwanza wakaniuliza huyu ni nani. Baada ya mchezo alikaa nami barazani, akazungukazunguka katika maneno, mwishowe akauliza kama mtu mwenye watoto wawili anaweza kuanza tena kidato cha tatu. Nikamwambia aje Jumatatu na barua zake. Jumatatu hiyo hakuja, wala iliyofuata. Nasikia ngege ni wengi msimu huu. Nafasi yake katika daftari sijaifuta.